Filta ya dizeli na hofu ya pampu: mwongozo kwa mwenye pikapu au lori

Gari likikosa nguvu katikati ya mlima wa Kitonga, kila aliyemo kwenye kebini hutamka neno moja: pampu, ile inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye injini. Utingo anasema pampu. Dereva anampigia bosi, naye anasema pampu. Fundi wa kwanza kufika, spana zake zikiwa kwenye kiroba, anasema pampu vilevile, maana huko ndiko kwenye hela. Mimi niliwahi kuwaamini wote watatu. Pampu ya Canter yangu ikafunguliwa, ikapelekwa mjini, ikapimwa, ikarudi na bili. Gari likawashwa, na likachoka palepale lilipochokea mwanzo. Siku ya nne tukakuta mpira wa kunyonyea mafuta, ule unaotoka juu ya tanki, una ufa mwembamba kama unywele. Haukuwa ukidondosha hata tone la dizeli. Ulikuwa unavuta hewa.

Tangu hapo, kwenye magari yangu pampu ndiyo ya kwanza kulindwa na ya mwisho kushukiwa. Haya ndiyo ninayoyafanya, na namna ninavyoyafanya.

Jua pampu yako ni ya aina gani

Pampu hazivumilii uchafu sawasawa. Malori ya zamani, kama Canter yenye injini ya 4D33, yana pampu ya mstari, ile ndefu yenye mabomba yaliyojipanga, moja kwa kila silinda. Shafti yake ya ndani hulainishwa na oili ya injini. Hiyo ni mzee mvumilivu: huchakaa polepole, gari huanza kutoa moshi, na bado unakula nalo mwaka mwingine.

Hilux za 2L na 3L, na Land Cruiser ya 1HZ, zina pampu ya rotari. Hii haipati oili ya injini. Kinachoilainisha ni dizeli ileile inayopita ndani yake. Ukiipa maji, au mafuta mepesi yaliyochanganywa na mafuta ya taa, inasaga chuma kwa chuma.

Kisha kuna komonreli, ambapo pampu hujaza mafuta ya presha kwenye bomba moja la pamoja (reli) linalolisha injekta zote, yaani noseli zinazonyunyiza mafuta kwenye silinda: Hilux za D-4D, Isuzu za 4HK1, na karibu kila lori jipya linaloshuka bandarini leo. Nayo inategemea dizeli kwa ulainisho, lakini hesabu yake ni kali zaidi. Presha ndani ya reli hufika bar 1,600, na kwenye injini nyingine hupita 2,000. Tairi la lori hujazwa bar 8 hivi. Ili presha hiyo isivuje, nafasi kati ya vipande vya pampu huwa ni mikroni chache tu, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una mikroni kama 70. Ndiyo maana filta kuu ya komonreli huzuia hata chembe za mikroni chache, wakati filta ya kwanza yenye kikombe cha kutenga maji huachia vitu vikubwa zaidi ya hapo.

Kama hujui gari lako ni la komonreli au la, muulize fundi swali moja: mabomba ya noseli yanatoka kwenye pampu yenyewe, au kwenye reli? Jibu lake linakutosha.

Maji kwanza, filta baadaye

Watu wengi huhesabu kilomita za filta na kusahau maji, na maji hayana kilomita. Yanaingia usiku mmoja tu. Tanki lililo nusu, gari likilala Makambako au Limuru kwenye baridi, hewa iliyo juu ya mafuta hutoa umande kwenye kuta za tanki na umande huo huteremka chini. Ndiyo sababu wazee wa barabara hujaza tanki jioni na si asubuhi. Maji huingia pia kwa njia ya pipa, kwa mfuniko usiofunga vizuri wakati wa masika, na kwa sheli ambayo matanki yake ya chini hayatunzwi. Na ukikuta lori la tangi linashusha mafuta sheli, endesha hadi sheli nyingine. Mafuta yakimwagwa kwa kasi huvuruga takataka na maji yaliyokuwa yametulia chini, na wewe ndiye utakayeuziwa.

Kila wiki, asubuhi, kabla ya kuwasha (mafuta yakiwa yametulia usiku kucha), fanya hivi. Weka chupa ya plastiki angavu chini ya filta. Legeza koki iliyo chini kwa mkono. Ni ya plastiki kwenye magari mengi, usiitie koleo. Bonyeza pampu ya mkono (ile ndogo ya kuvutia mafuta kwa kubonyeza) mara kadhaa hadi upate kama robo ya chupa ya nusu lita. Funga koki. Iache chupa itulie dakika kumi, kisha iangalie kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini na huonekana mstari katikati.

Hapa kuna mtego. Ukikuta chupa nzima ni safi na haina mstari wowote, usishangilie haraka. Inawezekana yote ni maji. Dondoshea dizeli kidogo: ikielea juu, una tatizo kubwa. Nimemwona dereva mwenye uzoefu akidanganywa na chupa hiyo, akasema mafuta ya leo ni meupe kweli.

Ukikuta ute mweusi unaonata kama kamasi, hao ni vijidudu wanaoota pale maji yanapokutana na dizeli. Filta mpya haitasaidia hadi tanki lishushwe na kuoshwa.

Lini kubadilisha

Vitabu vya pikapu nyingi huandika kati ya kilomita 20,000 na 40,000. Namba hizo zina mantiki kwa mafuta masafi na barabara ya lami. Kwa gari linalokula vumbi la machimbo au linalonywa kutoka kwenye pipa, mimi nabadilisha kila 10,000, yaani kila mara ya pili ninapomwaga oili. Ni ubahili kufikiria vingine ukilinganisha na bei ya injekta hata moja.

Kuhusu filta feki sitasema mengi, maana kila mtu Kariakoo na Kirinyaga Road anajua zipo. Ukiishika ya kweli na ya feki pamoja, ya kweli huwa nzito zaidi, karatasi yake imekunjwa kwa mikunjo mingi iliyo sawa, na mpira wake ni laini. Ya feki karatasi yake hukunjwa hovyo, na gundi imemwagika kando. Kibaya si kwamba itaziba mapema. Inayoziba inakuambia. Kibaya ni ile isiyoziba kamwe, kwa sababu inaachia kila kitu kipite.

Kubadilisha, hatua kwa hatua

1. Egesha mahali tambarare pasipo na upepo wa vumbi. Zima injini, iache ipoe. Kwenye komonreli usilegeze kamwe bomba la chuma linaloingia kwenye reli au injekta huku injini ikizunguka. Ile tabia ya zamani ya kulegeza nati ya noseli ili kusikiliza silinda gani haifanyi kazi, hapa inaua. Mafuta ya presha hiyo hutoboa ngozi kama sindano, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana dogo.

2. Osha kabla ya kufungua. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoua pampu nyingi mikononi mwa watu waliodhani wanazitunza. Brashi na mafuta ya taa kidogo kuzunguka filta, kichwa chake (pale inapofungiwa) na viungo vya mipira. Kausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Ukipuliza kwa kompresa, puliza kabla ya kufungua na si baada.

3. Toa maji kama nilivyoeleza, kisha chomoa waya wa sensa ya maji iliyo chini ya filta. Sensa huhamishiwa kwenye filta mpya pamoja na oringi (mpira wa duara) mpya. Kila mwezi kuna mtu anaitupa pamoja na filta ya zamani, kisha anarudi jalalani.

4. Fungua filta kwa spana ya mkanda au ya mnyororo. Ikitoka, angalia kichwa chake kwa tochi. Mpira wa zamani ukibaki umeganda pale, na wewe ukafunga mpya juu yake, utakuwa na mipira miwili inayovuta hewa, na kesho utaambiwa pampu.

5. Paka mpira mpya dizeli safi kwa kidole. Sasa, filta ya kuzungusha ina matundu madogo pembeni na tundu kubwa katikati. Pembeni ni upande wa mafuta machafu yanayoingia. Katikati ni upande wa mafuta yaliyokwisha kuchujwa, yanayokwenda pampu. Sisi wa zamani tulifundishwa kujaza filta kwa dizeli kutoka kwenye galoni ili gari liwake upesi, na wengi humimina kupitia tundu la katikati. Kwenye pampu ya mstari ulikuwa unasamehewa. Kwenye komonreli umemwaga galoni lenye vumbi moja kwa moja mdomoni mwa pampu. Funga filta ikiwa kavu, ijaze kwa pampu ya mkono.

6. Kaza kwa mkono hadi mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, au kadiri ilivyoandikwa kwenye filta yenyewe. Spana ni ya kufungulia. Ukifungia kwa spana utapasua uzi wa kichwa cha aluminiamu.

7. Toa hewa. Legeza skrubu ya kutolea hewa kama ipo, bonyeza pampu ya mkono hadi povu liishe na mafuta yatoke mfululizo, funga skrubu, endelea kubonyeza hadi pampu iwe ngumu kidoleni. Gari lenye pampu ya umeme kwenye tanki, weka swichi ya kwanza bila kuwasha, subiri sekunde kumi, zima, rudia mara nne au tano.

8. Washa. Usikamate ufunguo zaidi ya sekunde kumi na tano kwa mara moja. Starta inaungua, na pampu kavu inajisaga kila inapozunguka. Ikigoma mara tatu, rudi kwenye pampu ya mkono. Bado kuna hewa. Usipulizie sprei ya kuwashia kwenye injini yenye plagi za kupasha joto. Hulipuka kabla ya wakati na imeshapinda fimbo za pistoni za watu.

9. Iache izunguke dakika tano, pitisha tishu nyeupe kwenye kila kiungo, tafuta unyevu. Rudia baada ya kilomita 50. Andika kilomita na tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye ganda la filta, na uzime taa ya kukumbusha kubadilisha filta kama gari lako linayo.

Ipasue filta ya zamani

Usiitupe. Iache imwage mafuta usiku mzima, kisha ikate ganda kwa msumeno mdogo wa chuma, taratibu, huku ukijua kwamba chenga za msumeno zitakaa pembezoni. Toa karatasi, ikunjue juani. Weusi wa kawaida hauna neno. Kahawia ya kutu inasema tanki lako linaoza. Mchanga unasema mfuniko au galoni lako. Karatasi iliyovimba na kujikunja ilikunywa maji. Kinachotisha ni mng'ao wa fedha, kama rangi ya kucha, unaometa ukigeuzageuza karatasi. Mafuta ya ziada hurudi tanki kutoka kwenye pampu na injekta, kwa hiyo chuma kinachosagwa kule mbele huzunguka na kukamatwa hapa. Ukiuona mng'ao huo, egesha gari leo. Usimalizie safari.

Gari likikosa nguvu: anza na cha bei rahisi

Mashine ya kupima ikionyesha P0087, inasema presha ya reli iko chini. Haisemi pampu imekufa, ingawa wapo wanaoisoma hivyo. Mimi hufuata njia hii.

Fungua mfuniko wa tanki. Ukisikia tanki linavuta pumzi, tundu la kupumulia limeziba. Endesha na mfuniko uliolegezwa kidogo uone kama nguvu inarudi. Kisha filta. Kisha hewa: badili kipande cha mpira kabla ya filta kwa mpira angavu, washa gari, tazama kama kuna mapovu. Ukitaka kulitenga tanki na mabomba yake yote, chukua chupa ya lita tano ya dizeli safi, iweke juu ya usawa wa injini, nyonya kutoka humo na urudishe humo. Gari likipona, injini na pampu yako ni nzima, na kosa liko nyuma. Kipimo hiki kingeniokolea siku zangu nne.

Kisha kwenye pampu za Denso za Hilux, Isuzu na nyinginezo kuna vali ndogo ya umeme inayopima mafuta yanayoingia kwenye pampu. Ikichoka, sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) hupanda na kushuka yenyewe, au gari huzimika linapopunguza mwendo. Vali hubadilishwa peke yake bila kununua pampu. Baada ya hapo pima marejesho ya injekta kwa vichupa: injekta inayorudisha mafuta mengi kuliko wenzake ndiyo inayoiba presha. Vyote hivyo vikiwa vizima ndipo ninapoanza kuzungumza habari ya pampu.

Hofu inayotoka Marekani

Siku hizi vijana wanaangalia video za pikapu za Marekani na kuja kuniuliza kama pampu zetu nazo "zinajilipua". Wanazungumzia pampu ya Bosch CP4, iliyofungwa kwenye Ford za Power Stroke ya lita 6.7 kuanzia mwaka 2011 na kwenye GM za Duramax kuanzia 2011 hadi 2016. Ndani yake kuna kiroli kinachobiringika juu ya kemu, yaani shafti yenye nundu. Kifuko kinachokishika kikigeuka upande, kiroli hakibiringiki tena, kinaburuzwa, na chenga zake huenda kwenye reli, injekta, hadi tanki. Mwaka 2021 Ram, kampuni nyingine ya pikapu, iliita magari zaidi ya 222,000 ya 2019 na 2020 na kuyafungia pampu ya muundo wa zamani, CP3. Walioshtaki watengenezaji walidai CP4 iliundwa kwa dizeli ya Ulaya. Kweli viwango vinatofautiana: katika jaribio la msuguano, Ulaya inaruhusu kovu la mikroni 460 juu ya chuma, Marekani 520, na kovu kubwa maana yake ni ulainisho mdogo.

Hilux yako haina pampu hiyo. Lakini somo la ulainisho linatuhusu. Tangu Januari 2015 nchi tano za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kuondoa salfa kiwandani huondoa pia baadhi ya vitu vinavyolainisha, ambavyo hurudishwa kwa kuongezewa dawa. Mtu akija kuichanganya dizeli hiyo na mafuta ya taa, amekula ulainisho uliobaki. Uchakachuaji huo ndio uliofanya Tanzania ipandishe kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya iweke tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Kwa hiyo nunua sheli yenye magari mengi, omba risiti kila mara, na usinunue kwenye madumu ya barabarani hata kama bei inachekesha.

Wengine humimina oili ya pikipiki kwenye tanki ili kulainisha. Kwenye rotari ya zamani sitakugombeza. Kwenye gari lenye chujio la moshi kwenye ekzosi, majivu yake yataliziba. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini usiitie popote. Mtu akikosea akakujazia petroli, hata lita tano, usiweke swichi kabisa, maana pampu ya tanki huanza kusukuma hapohapo. Sukuma gari pembeni, tanki limwagwe.

Pampu ikiwa imekufa kweli

Ikiwa imemwaga chuma, fundi atakayekuuzia pampu peke yake anakuuzia vifo viwili. Chenga ziko kwenye reli, kwenye mabomba ya chuma, kwenye injekta na kwenye tanki, na mpya itazinywa siku ya kwanza. Tanki lishushwe lioshwe, mabomba ya kurudishia yapulizwe, mabomba ya presha na reli vibadilishwe au visafishwe kwenye mashine, injekta zote zipimwe kabla ya kurudishwa. Dai pampu ya zamani mkononi, fungua tundu la vali yake, pitisha kitambaa cheupe. Kisipometa, uliza kwa nini waliitoa.

Na filta ya kwanza baada ya kazi hiyo ibadilishwe kwenye kilomita 1,000. Ipasue hiyo pia.